Mkanda wa miti kuzunguka kiwanda: anza na upepo

Viwanda vingi hupanda miti langoni, ambako wageni wataiona, huku vumbi likitokea uani na kuwaangukia majirani. Kama una mashine ya kusaga kokoto, kiwanda cha saruji au yadi ya mbao, au wewe ndiye uliyekabidhiwa mambo ya mazingira hapo kazini, peleka miche kule vumbi linakopitia.

Kwanza ujue upepo. Huku pwani kazi ni rahisi. Kati ya Aprili na Oktoba hivi, upepo wa kusi husukuma vumbi kuelekea kaskazini. Kuanzia Desemba hadi Machi kaskazi hulirudisha kusini-magharibi. Pande hizo mbili ndizo za kupanda mwanzo. Kama uko bara, funga kitambaa chepesi juu ya mlingoti, ukitazame asubuhi na jioni, na uandike. Halafu waulize majirani. Mama anayeanika nguo uani anajua vizuri vumbi huja miezi gani na saa ngapi.

Usipande miti ikabanana kama ukuta. Upepo ukikuta kizuizi kisicho na upenyo huruka juu yake, kisha hushuka na vumbi lake upande wa pili. Unataka mkanda unaopitisha upepo kidogo na kuupunguza kasi, ili vumbi lianguke humo humo.

Weka safu tatu au zaidi. Vichaka vikae upande wa kiwanda, nyuma yake miti ya kimo cha kati, kisha mirefu. Usiviache vichaka hivyo: mti mrefu peke yake una shina tupu chini, na vumbi la malori hupita hapo hapo. Vichaka viachane mita 1, miti mita 3. Panda kwa zigizaga, kila mti ukabili pengo la safu iliyo mbele yake.

Chagua miti inayobaki na majani kiangazi, maana ndipo vumbi huzidi. Mvinje, mwarobaini na mjohoro ni ya kuanzia, na miche yake hupatikana kwenye vitalu vingi. Usipande aina moja tu; ugonjwa ukiingia utapoteza mkanda wote. Mti wa mathenge usiuguse hata ukipewa bure. Husambaa hadi kwenye malisho ya watu, na wafugaji wa Baringo wanaujua uharibifu wake.

Kama ardhi yako ni mwamba au machimbo, jaribu kidogo kabla ya kununua miche mingi. Mwaka 1971, René Haller alianza kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, Mombasa. Alijaribu aina 26. Zilizoweza kuhimili zilikuwa tatu tu, mvinje ukiwa mmojawapo. Leo pale pana msitu, na watu hulipa kiingilio kwenda kuutembelea. Mvinje hustahimili chumvi, na vijidudu vilivyo kwenye mizizi yake huupatia naitrojeni kutoka hewani. Kwa hiyo unapopanda, changanya katika shimo udongo kidogo uliochotwa chini ya mvinje mkongwe, ili mche uvipate vijidudu hivyo mapema.

Chimba mashimo kabla ya masika. Sentimita 60 kwa 60 zinatosha. Udongo wa juu uweke kando, uchanganye na samadi iliyooza, urudishe huo kwanza. Panda mvua ikishakolea, si siku ya manyunyu ya kwanza.

Kiangazi cha kwanza ndicho kinachoua miche. Mpe mtu mmoja kazi ya kumwagilia kwa jina, pamoja na mpira wa maji na saa za kuifanya. Ukisema "kila mtu amwagilie", hakuna atakayemwagilia. Weka matandazo kuzunguka kila mche, na mche uliokufa upandie mwingine masika inayofuata. Pengo moja linatosha kupitisha vumbi. Miti ikikua, isafishe majani kwa maji vumbi likiganda.

Acha nafasi ya gari la zimamoto, na usipande miti mirefu chini ya nyaya za umeme. Majani makavu ya mvinje hushika moto haraka, kwa hiyo kwenye yadi ya mbao au tangi la mafuta yafagie kila wiki.

Ndani ya mkanda usilime mchicha wala kupanda matunda. Majani haya yamekusudiwa kushika uchafu. Na kwa kuwa watu wetu huchuma mwarobaini kwa dawa, weka kibao kinachowakataza, na uwaeleze kwa nini.

Miti hairekebishi bomba la moshi. Kule Owino Uhuru, Mombasa, madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri yaliingia kwenye damu za watu, watoto wakiwemo. Sumu ya namna hiyo huzuiwa ndani ya kiwanda, kwa vichujio. Fedha zikiwa chache, nunua kichujio kwanza, funika malori na mwagia maji barabara. Miti ifuate.

Miche huhitaji miezi kadhaa kitaluni kabla ya kuwa tayari kupandwa. Ukisubiri mvua ndipo uanze kuitafuta, utapewa masalia. Nenda ukaagize wiki hii.