Kompyuta Inapokataa Kufungua Nakala za Akiba

Wasomaji wenzangu, katika somo hili nataka kueleza jambo moja tu la kompyuta: kwa nini mashine yaweza kuipokea diski ya akiba vizuri, ikaonyesha kila kitu kilichomo, kisha ikamkatalia mwenye kazi zake asizifungue. Maneno inayotoa ni "Permission denied", maana yake ruhusa imekataliwa. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi hapa Rwanda, lakini yaonekana mashine zetu hazijapata habari.

Kwanza tupatane juu ya maneno. Picha ya akiba ni hali ya mafaili yote kama yalivyokuwa siku fulani, iliyowekwa kando ili yakiharibika tuyapate tena. Kupachika ni kuiamuru kompyuta iiunganishe diski, au picha hiyo, na folda moja, tuseme /mnt, ili yaliyomo yaonekane humo.

Kompyuta za chama chetu hapa Kigali hutumia Linux, nayo imerithi taratibu za ruhusa kutoka Unix, iliyoanza mwaka 1969 katika maabara ya Bell huko Marekani. Siku zile mashine moja ilitumiwa na watu wengi, basi ilikuwa lazima kila faili liwe na mwenyewe. Hata leo kila faili lina mwenyewe, lina kundi lake, na kuna watu wengine wote. Na kila mmoja wa hao watatu hupewa au hunyimwa ruhusa ya kusoma, ya kuandika, na ya kuendesha. Kwa folda, hiyo ya tatu ni ruhusa ya kupita mlangoni.

Sasa nitatoa mfano. Muhula uliopita kompyuta ya zamani ya chama ilikufa. Ndani yake zilikuwamo sauti za wazee wa Biryogo, kule Nyamirambo, tulizozinasa kwa ajili ya gazeti hili. Mmoja wa wazee wale amekwisha fariki, wala hatuwezi kumwendea tena na maswali yetu. Kwa bahati sauti zilikuwako pia kwenye diski ya akiba, kila siku katika folda ya tarehe yake. Tuliipachika kwenye kompyuta mpya kwa amri hii:

sudo mount -o ro /dev/sdb1 /mnt

Neno sudo laomba mamlaka ya mtumiaji mkuu, aitwaye root, kwa maana mtu wa kawaida hakubaliwi kupachika diski apendavyo. Herufi ro zasema: kusoma tu. Tarehe zote zikaonekana. Tulipoigusa folda ya sauti, tukakataliwa.

Mwenzetu mmoja, kwa haraka yake, akaandika sudo chmod -R 777 ili kila mtu apewe kila ruhusa. Mashine ikajibu "Read-only file system", yaani hapa ni pa kusoma tu. Mwalimu akacheka, akasema, "Wanangu, hilo si kosa, hiyo ni kinga." Jibu hili na lile la kwanza hayafanani hata kidogo, ingawa wengi huyachanganya. La kwanza lasema wewe huna haki; la pili lasema hapa hapaandikiwi na yeyote, hata root.

Tena kinga ile ilituokoa na hasara kubwa. Katika akiba za namna yetu, faili lisilobadilika haliandikwi upya kila siku. Folda za tarehe nyingi huelekea faili lile lile moja diskini. Ruhusa zimefungwa na faili lenyewe, si na jina lake. Basi ukilegeza ruhusa katika folda ya Jumatatu, umezilegeza katika siku zote zinazolishiriki. Na katika diski ile zimo pia alama za mitihani za madarasa mengine.

Mwalimu akatuamuru tuandike ls -ln badala ya ls -l, ili tuone namba mahali pa majina. Folda ya sauti ilikuwa na drwx------ na namba 1003. Tukaandika id, tukaambiwa sisi ni 1000. Hapo ndipo kiini cha jambo. Diski haiandiki jina la mwenye faili. Huandika namba tu. Ni kama masanduku ya bwenini yaliyopigwa namba za vitanda: ukiyahamishia bweni jingine, namba tatu wa kule siye namba tatu wa huku. Katika kompyuta ya zamani 1003 alikuwa chama chetu. Katika mpya hakuwako mtu wa namba hiyo, na sisi tulikuwa watu wengine tu.

Dawa yake ni kuiacha picha ilivyo, na kubadili nakala yake:

sudo cp -a /mnt/tarehe/sauti /home/chama/
sudo chown -R chama:chama /home/chama/sauti

Mahali pa neno tarehe weka jina la folda ya siku uitakayo. Amri ya kwanza hunakili pamoja na namba za zamani. Ya pili huwakabidhi wenyewe wapya. Sauti zote zikafunguka, na ya marehemu pia.

Pengine namba ni sawa na bado wakataliwa. Hapo tazama milango ya juu, kwa kuwa faili lililo wazi ndani ya folda iliyofungwa halifikiki. Amri namei -l, ikifuatwa na njia ya faili, huonyesha mlango mmoja mmoja tangu mwanzo.

Liko jambo jingine lisumbualo wenye programu kama BorgBackup, ambazo hupachika picha kwa njia iitwayo FUSE. Huko, kwa kawaida, aonaye ni yule aliyepachika peke yake. Ukipachika kwa sudo kisha ukafungua bila sudo, utaona alama za kuuliza mahali pa ruhusa. Ukipachika wewe, root mwenyewe hukataliwa, jambo ambalo wengi hawalisadiki mpaka walione. Ama pachika na ufungue kwa jina lile lile, ama ongeza -o allow_other. Lakini mtu asiye root hakubaliwi kuiongeza mpaka neno user_allow_other liandikwe katika faili /etc/fuse.conf. Na hata baada ya hapo, zile namba za wenye mafaili zingali zinatazamwa.

Ukimaliza, andika sudo umount /mnt kabla ya kuchomoa diski. Ikijibu "target is busy", bado liko dirisha lililosimama ndani ya folda ile, na mara nyingi ni lako mwenyewe. Andika cd utoke, kisha urudie amri.