Jetski Ikikohoa, Anzia Kwenye Tangi

Jetski inayounguruma vizuri ikiwa imetulia, lakini ukipiga resi inakohoa na kukosa nguvu, humfanya mwenyewe akimbilie bisibisi na kuanza kuzungusha skrubu za kabureta. Tafadhali, iache kwanza. Kwenye jetski za zamani za mipigo miwili, zile zinazochoma oili pamoja na petroli, mafuta yakipungua ndani ya silinda joto hupanda, pistoni hukwaruzika na injini hunoki. Ikikohoa ukiwa majini, usiilazimishe ikufikishe ufukweni, izime, uvutwe.

Kabla ya kugusa chochote, ondoa kiti na uache hewa ipite. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini ndani ya bodi, na cheche moja inatosha kuulipua.

Sasa fuata njia ya petroli. Nyonya kidogo kutoka sakafu ya tangi, weka kwenye chupa ya kioo na uiache itulie: maji yakiwemo yatakaa chini. Kama injini huzimika baada ya dakika chache, kisha ukilegeza kifuniko cha tangi inapata nguvu, njia ya kupumulia tangi imeziba. Na kama tangi limejaa lakini mashine inakwenda vizuri koki ikiwa kwenye akiba tu, tafuta kizuizi kwenye bomba la kawaida au ndani ya koki yenyewe.

Mipira ya mafuta ndiyo inayosahauliwa zaidi. Sea-Doo nyingi za miaka ya 1990 zilitoka na mipira ya kijivu ambayo huoza kwa ndani na kutoa uteute wa kijani. Uteute huo huingia kwenye koki, kisha kwenye kichujio kidogo cha wavu kilichofichwa ndani ya kabureta. Ukisafisha kabureta ukaiacha mipira hiyo, umefanya kazi bure. Badilisha yote.

Jaribio la choki husaidia sana. Ivute kidogo injini inapokohoa: ikichangamka, petroli haitoshi, ikizidi kulemewa, petroli imezidi, na huenda sindano ya kabureta haifungi sawasawa.

Ukilazimika kufungua kabureta, funga taratibu kila skrubu ya marekebisho huku ukihesabu mizunguko, uandike, ndipo uitoe. Kabureta za Mikuni za jetski hazina floti. Zina viwambo vya mpira, na pampu yake husukumwa na mipigo ya shinikizo kutoka kwenye injini kupitia mpira mwembamba. Mpira huo ukipasuka, pampu hudhoofika hata kama kabureta ni safi. Toa viwambo kabla ya kupuliza dawa ya kusafishia, maana dawa huviharibu. Tundu za shaba zisafishe kwa upepo wa kompresa, waya huzipanua.

Unapojaribu nchi kavu, sekunde chache zinatosha, kwa kuwa injini hupozwa na maji. Ukitumia bomba la bustani kwenye mashine ya aina hii, washa injini kwanza ndipo ufungulie maji. Ukimaliza, funga maji kwanza ndipo uzime, ili yasirudi ndani ya silinda.

Baada ya matengenezo, zunguka karibu na ufukwe ukiwa umevaa jaketi la kuokolea, kisha zima na ukague plagi. Rangi ya kahawia ni njema. Ikiwa nyeupe kavu, petroli bado haifiki ya kutosha: usirudi majini kabla hujapata chanzo.