Zebaki: Sumu Inayopanda Ngazi

Leo tunaongelea utunzaji wa uumbaji, lakini sio kwa kuambizana tu "tutunze mazingira" halafu basi. Tuchukue kitu kimoja, zebaki, tukifuate kutoka kinapomwagwa mpaka kinapoishia.

Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alieleza kwamba kemikali za viwandani na mashambani zinaweza kujikusanya katika miili ya wakazi wa eneo, hata pale ambapo kiwango cha sumu katika eneo hilo ni kidogo. Hapo lazima ujiulize: kidogo kinawezaje kuleta madhara makubwa?

Yaliyotokea Minamata

Minamata ni mji wa pwani huko Japani. Kuanzia mwaka 1932, kiwanda cha kampuni ya Chisso kilimwaga baharini maji machafu yenye zebaki. Miaka ya 1950 watu wakaanza kuona mambo ya ajabu. Paka walirukaruka kama wanacheza ngoma, kisha wakafa. Ndege walianguka. Mwezi Mei 1956 ugonjwa wa binadamu ukaripotiwa rasmi: watu walitetemeka, walishindwa kutembea vizuri, wengine walishindwa hata kuongea. Wengi walikuwa wa familia za wavuvi, waliokula samaki kila siku.

Mwaka 1959 daktari wa kiwanda hichohicho, Hajime Hosokawa, alimlisha paka chakula chenye majitaka ya kiwanda. Paka akaugua vilevile. Matokeo hayo hayakutangazwa, na zebaki ikaendelea kumwagwa mpaka mwaka 1968. Yaani miaka 9 zaidi, na watu wanaendelea kula samaki walewale.

Ngazi yenyewe ikoje?

Zebaki ina sura zaidi ya moja. Iliyo hatari zaidi kwenye chakula inaitwa methili-zebaki. Kule Minamata ilitoka kiwandani ikiwa tayari hivyo. Kwingine hutengenezwa na bakteria wanaoishi kwenye tope la mto, ziwa au bahari, mahali pasipo na oksijeni.

Mimea midogo sana ya majini huinyonya. Vidudu vya majini hula mimea hiyo, samaki wadogo hula vidudu, samaki wakubwa hula wadogo. Sasa angalia hesabu: sumu hii hutoka mwilini polepole sana, na kila mlaji anakula wengi walio chini yake. Ni kama kibubu, kila siku sarafu inaingia na karibu hakuna inayotoka. Ndiyo maana samaki mkubwa aliyeishi miaka mingi anaweza kuwa na kiwango mara milioni moja kuliko maji anayoogelea. Maji yanaonekana masafi, kumbe mzigo uko kwenye sahani.

Na ngazi haiishii kwa mlaji. Methili-zebaki hupita kutoka kwa mama mjamzito kwenda kwa mtoto tumboni. Minamata walikuwepo akina mama walioonekana wazima kabisa, lakini watoto wao wakazaliwa wagonjwa.

Na huku kwetu?

Geita, Chunya na kwingineko, wachimbaji wadogo hutumia zebaki kunasa dhahabu, kisha huichoma ili dhahabu ibaki. Mvuke wake huvutwa na anayechoma pamoja na walio jirani, na nyingine hurudi ardhini na majini. Uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio chanzo kikubwa zaidi cha zebaki inayotolewa na binadamu duniani. Uchomaji wa makaa ya mawe nao ni chanzo kikubwa, na moshi huohuo hubeba hewa ya ukaa. Hiyo haipandi ngazi ya chakula: sehemu huchukuliwa na mimea, sehemu huingia baharini na kuongeza asidi, ikawatesa matumbawe na viumbe wenye magamba.

Simlaumu mchimbaji, anatafuta ada ya mtoto. Ila kama ni kaka yako, mwambie haya:

1. Asichome zebaki nyumbani, jikoni wala karibu na watoto.
2. Atumie kifaa kilichofungwa kinachonasa mvuke.
3. Marudio ya mchenjuo yasimwagwe mtoni.
4. Mjamzito asishike kazi hiyo kabisa.

Samaki endeleeni kula, ni chakula bora. Dagaa wana nafuu, maana wako chini kwenye ngazi na maisha yao ni mafupi.

Ya kujadili kwenye jumuiya

Jirani yangu wa chini ya mto anapata nini kutokana na ninachomwaga mimi? Na ningekuwa mle kiwandani mwaka 1959, nikajua alichojua daktari yule, ningenyamaza?