Mwenye Kulaumu na Mwenye Kununua: Somo la Soko Kutoka kwa Yamaha R7

MTEJA ni mfalme. Msemo huu umebandikwa katika maduka mengi na hakuna mfanyabiashara anayeupinga. Tatizo huanza pale wafalme wanapokuwa wengi na kila mmoja akasema lake. Mfanyabiashara anayemfuata kila apazaye sauti hujaza stoo bidhaa zilizosifiwa sana na kununuliwa kidogo. Asiyemsikiliza yeyote naye huachwa nyuma na wakati.

Somo la wiki hii linahusu jinsi ya kupima maoni ya wateja kabla ya kuingiza fedha. Mfano unatoka katika soko la pikipiki za spoti za daraja la kati huko Ulaya na Marekani, na bidhaa inayohusika ni Yamaha R7, iliyotangazwa Mei 2021. Ni pikipiki iliyopokewa kwa lawama nyingi, na miaka iliyofuata ilionyesha ni lawama zipi zilikuwa na fedha nyuma yake.

PENGO LILILOACHWA

Kwa zaidi ya miaka 20, pikipiki iliyotamba katika daraja hilo kwa upande wa Yamaha ilikuwa R6. Ilianza kuuzwa mwaka 1999 ikiwa na injini ya silinda nne yenye ukubwa wa cc 599. Katika toleo lake la mwisho ilitoa nguvu za farasi zipatazo 118, lakini nguvu hizo zilipatikana injini ikiwa inazunguka mara 14,500 kwa dakika. Ilikuwa pikipiki ya uwanja wa mbio iliyofungwa taa na namba ili iweze kupita barabarani.

Mwaka 2021 masharti ya Ulaya ya kudhibiti moshi, yajulikanayo kama Euro 5, yalianza kutumika kwa pikipiki zote mpya. Kuirekebisha R6 ili ifikie masharti hayo kungegharimu fedha nyingi, wakati wanunuzi wa daraja hilo walikuwa wamepungua kwa miaka kadhaa. Baada ya 2020 kampuni iliacha kuiuza kama pikipiki ya barabarani Ulaya, ikabakiza toleo la uwanjani tu.

Ndipo ikaja R7. Injini yake ni ya silinda mbili, cc 689, na nguvu zake ni farasi 73 hivi. Injini hiyo haikubuniwa upya. Ni ile ile iliyokuwa ikitumika katika pikipiki ya MT-07 tangu 2014, na pia katika Ténéré 700 na XSR700. Kampuni ilichukua injini iliyokwisha kujulikana, ikaifunga katika umbo jembamba la spoti lenye usukani wa chini, breki nzuri na springi za mbele zinazorekebishika. Uzito wake ukiwa na mafuta ni kilo 188. Nchini Marekani bei ya kuanzia ilikuwa dola 8,999.

LAWAMA ZA KWANZA

Maoni ya waendeshaji yaligawanyika tangu siku ya kwanza. Kundi lililosikika zaidi lilikuwa la wapenzi wa R6. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: namba 7 ni kubwa kuliko 6, lakini farasi 73 ni wachache kuliko 118. Waliona wameuziwa jina la familia ya mbio likiwa limebandikwa juu ya pikipiki ya kawaida.

Hesabu yao haikuwa ya kubahatisha. Mwaka 2020 R6 iliuzwa Marekani kwa dola 12,199. Ukigawanya bei hiyo kwa farasi 118, kila farasi mmoja aligharimu dola 103 hivi. R7 ya dola 8,999 ukiigawanya kwa farasi 73, kila farasi anagharimu dola 123. Kwa kipimo hicho, pikipiki iliyoonekana rahisi ilikuwa ghali kuliko ile ya zamani.

Lawama ya pili ilihusu vifaa vya umeme. Mshindani wake kutoka Italia, Aprilia RS 660, aliyetoka miezi michache kabla, alikuwa na farasi 100 pamoja na mtambo wa kuzuia tairi la nyuma lisiteleze na namna mbalimbali za uendeshaji za kuchagua. R7 ilikuwa na breki zisizofunga tairi, basi. Hata hivyo Aprilia hiyo iliuzwa Marekani kwa dola 11,299, yaani dola 2,300 zaidi.

Lawama ya tatu ilitoka kwa watu waliokwisha kuipanda. Usukani wake uko chini, hivyo uzito wa mwili huangukia viganja vya mikono. Katika barabara yenye kona hilo halisumbui, lakini katika foleni za mjini au safari ndefu mikono huchoka.

Msomaji atambue tofauti iliyopo hapa. Lawama ya kwanza ilitolewa zaidi na watu waliokuwa wakilinganisha karatasi za vipimo. Ya tatu ilitolewa na watu waliokwisha kukaa kitini. Maoni hayo mawili hayana uzito sawa, ingawa katika mazungumzo ya kijiweni husikika kwa sauti ile ile.

WALIOTOA FEDHA WALIONA NINI

Mnunuzi wa barabarani halipi kwa hesabu ya farasi mmoja mmoja. Hulipa kwa jumla, na jumla ya R7 ilikuwa pungufu kwa dola 3,200 kuliko ya R6, sawa na punguzo la asilimia 26 hivi. Kwa kijana anayekopa ili anunue, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama atanunua au atabaki kutazama.

Kitu cha pili ni namna nguvu zinavyopatikana. Torki, yaani ile nguvu ya kusukuma anayoisikia mwendeshaji anapofungua mafuta, katika R7 hufikia kipimo cha 67 injini ikizunguka mara 6,500 tu. Katika R6 kipimo cha juu kilikuwa chini ya 62, tena mpaka injini ifikie mizunguko 10,500. Barabarani, kwenye taa za kuongoza magari, kona na malori, mwendeshaji hutumia mizunguko ya chini. Huko R7 ndiyo iliyokuwa na nguvu zaidi. Waendeshaji wengi walioisifu walitaja jambo hilo, pamoja na wepesi wake katika kona.

Kitu cha tatu ni sheria, na hapa ndipo wachambuzi wa vijiweni walipopitwa. Leseni ya Ulaya iitwayo A2, iliyoanza kutumika kwa utaratibu wake wa sasa mwaka 2013, inamruhusu mwendeshaji mpya kupanda pikipiki isiyozidi kilowati 35. Pikipiki yenye nguvu zaidi inaweza kupunguzwa makali ili ifae, lakini kwa sharti kwamba nguvu zake za awali zisizidi mara mbili ya kiwango hicho, yaani kilowati 70. R7 ina kilowati 54, kwa hiyo inaingia. R6 ilikuwa na kilowati 87, kwa hiyo haikuingia kabisa.

Maana yake kibiashara ni kubwa. Uchache wa farasi, ambao wapenzi wa mbio waliuona kuwa kasoro, ulifungua mlango kwa wanunuzi wapya ambao R6 haikuweza kuwauzia kihalali. Wanunuzi hao ni vijana, bado hawajazoea jina lolote, na mwenye kuwapata mapema ana nafasi ya kuwauzia tena.

Dalili kwamba njia hiyo ilikuwa na soko zilionekana kwa washindani. Novemba 2023 Suzuki ilionyesha GSX-8R, silinda mbili, cc 776, yenye usukani ulioinuliwa kidogo kwa ajili ya barabara. Januari 2024 Triumph ya Uingereza ikatoa Daytona 660, silinda tatu, farasi 95 hivi, nayo ikielekezwa barabarani kuliko uwanjani. Kampuni inapofuata njia ya mshindani wake kwa fedha zake yenyewe, hayo ni maoni yenye thamani kuliko maneno elfu.

Na kuna kichekesho kidogo. Pikipiki iliyoambiwa si ya mbio ndiyo iliyochaguliwa kutumiwa na washiriki wote wa mashindano ya dunia ya wanawake, yaliyoanza mwaka 2024.

LAWAMA ZILIZOKUWA ZA KWELI

Ingekuwa kosa kumalizia hapo na kusema kwamba wanaolaumu wapuuzwe. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini si kila livumalo ni debe tupu.

Mwaka 2024 Honda iliirudisha CBR600RR katika soko la Ulaya, na Kawasaki ikairudisha ZX-6R. Zote mbili ni za silinda nne, za aina ile ile ambayo wapenzi wa R6 walikuwa wakiililia. Oktoba 2024 Yamaha yenyewe ikatangaza R9, silinda tatu, cc 890, yenye nguvu zinazokaribiana kabisa na zile za R6, kwa bei ya Marekani ya dola 12,499. Aliyelalamika kwamba ameondolewa mezani alitengewa kiti chake, kwa bei inayolingana na ile aliyokuwa akilipa.

Lawama ya vifaa vya umeme nayo ilijibiwa. Mwishoni mwa 2025 ilitangazwa R7 ya mwaka 2026, safari hii ikiwa na udhibiti wa tairi kuteleza, namna kadhaa za uendeshaji na skrini ya rangi. Injini ilibaki ile ile ya cc 689.

Mpangilio huo una funzo. Kampuni haikubadili jambo lililowavuta wanunuzi, yaani injini rahisi na bei ya kufikika. Ilirekebisha lile ambalo hata wanunuzi wenyewe walikuwa wakilitaja. Wale waliotaka kitu kingine kabisa walitengenezewa bidhaa nyingine.

KWA MWENYE KUTAFUTA HISA

Mwekezaji mdogo anaweza kushawishika kwamba pikipiki ikisifiwa, hisa za mtengenezaji zitapanda. Hapo tahadhari inahitajika. Yamaha Motor, ambayo hisa zake zinauzwa katika soko la Tokyo, haiishi kwa pikipiki za spoti. Pikipiki zake nyingi huuzwa Asia, katika nchi kama Indonesia, Vietnam na India, nazo ni ndogo za kazi na za kwendea kazini. Aidha, mashine za boti zimekuwa miongoni mwa vyanzo vyake vikubwa vya faida. Mvuvi wa pwani ya Afrika Mashariki anaijua Yamaha kwa mashine ya boti kabla ya kuijua kwa pikipiki ya mbio.

Kwa hiyo maoni juu ya R7 yanamweleza mwekezaji jinsi kampuni inavyofikiri, lakini hayamwelezi hesabu ya faida itakuwaje. Anayetaka kujua faida asome taarifa ya fedha, aangalie kila idara imeingiza kiasi gani.

MASWALI MANNE KABLA YA KUAGIZA

Pikipiki kama R7 si bidhaa ya kila duka hapa kwetu, lakini njia ya kupima maoni ni ile ile kwa mwenye duka la vipuri Kariakoo, muuza simu au mwagizaji wa pikipiki za bodaboda. Mfano huu unatoa maswali manne.

Kwanza, anayesema amenunua, amejaribu, au amesikia tu? Maoni yaandikwe katika mafungu matatu tofauti, na fungu la walionunua lisomwe kwanza.

Pili, anapima kwa kipimo gani? Mpenzi wa mbio alipima kwa farasi, kijana alipima kwa jumla ya bei na leseni. Dereva wa bodaboda hupima kwa lita ya mafuta, bei ya kipuri na bei atakayopata siku ya kuiuza. Sifa inayotolewa kwa kipimo ambacho mnunuzi wako hakitumii haitauza mzigo wako.

Tatu, je, kuna sheria au kodi inayofungua au kufunga mlango? Kilowati 70 za Ulaya ziliamua mengi kuliko mabishano yote. Kila soko lina mstari wake wa namna hiyo, na mara nyingi umeandikwa katika gazeti la serikali wakati watu wanabishana juu ya rangi.

Nne, lawama ipi inarudiwa na watu walioridhika? Mtu anayeipenda bidhaa na bado akataja kasoro ile ile kila mara, huyo anatoa habari ya toleo lijalo. Mwenye stoo iliyojaa toleo la zamani anapaswa kuisikia mapema, kwa sababu siku toleo jipya litakapotangazwa bei ya mzigo wake itashuka.

Swali hili la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi. Mfanyabiashara aliyekuwa na R7 nyingi za toleo la kwanza mwishoni mwa 2025 hakukosa dalili. Wanunuzi walikuwa wakizitaja kasoro za vifaa vya umeme kwa miaka minne. Aliyeziandika aliagiza kidogo kidogo. Aliyeziona ni kelele za kijiweni alibaki na mzigo ambao sasa lazima aupunguzie bei.