DISKI NGUMU ILIYOPUNGUA

Ninyi wanafunzi wa madarasa ya juu mmekwisha kujifunza katika hesabu ya kwamba kitu kimoja kipimwapo kwa vipimo viwili hutoa hesabu mbili, na zote mbili zaweza kuwa kweli. Leo tutaliona jambo hilo katika kompyuta. Tena tutaona jambo la pili, linalofanana na lile la kwanza kwa sura, lakini silo. Na mtu ayachanganyaye mambo haya mawili huenda akapoteza kazi ya miaka mingi kwa kubonyeza mara moja tu.

Siku moja mwalimu mwenzangu wa shule ya jirani alinijia na diski ngumu ya kale, ameifunga katika kitambaa kama mtu achukuaye mayai. Ndani ya diski ile zilikuwamo alama za mitihani za wanafunzi wake za miaka tisa, na majina ya wazazi wao, na vyeti vilivyokwisha kutolewa. Nakala nyingine hapana, maana karatasi zilizowekwa kabatini ziliharibiwa na mchwa. Kompyuta iliyokuwa na diski ile ilipigwa na radi wakati wa masika, ikafa. Bali diski yenyewe ilipona. Basi mwenzangu akaitia katika kompyuta nyingine, iliyo kuukuu zaidi, iliyokuwa stoo. Alipoiwasha, ikasimama kimya, haiendelei mbele wala hairudi nyuma. Kijana mmoja fundi akaja, akaitazama, akachomeka kitu kidogo nyuma ya diski, na kompyuta ikaamka. Lakini sasa ilisema ya kwamba diski ni gigabaiti 31.5, na kumbe juu ya kibandiko chake imeandikwa gigabaiti 80. Kisha ikauliza: je, diski hii ifomatiwe? Kijana akanyosha kidole ajibu ndiyo. Mwenzangu akamshika mkono, akazima umeme, akaja kwangu. Akasema, “Mwalimu, diski yangu imeliwa zaidi ya nusu.”

Kabla ya kueleza tulivyofanya, yafaa mjue diski ngumu ni kitu gani. Ni kisanduku cha chuma kipatacho upana wa kiganja. Ndani yake mna sahani moja au zaidi, nyororo kama kioo, zizungukazo upesi mno. Na juu ya kila sahani kimening'inia kichwa kidogo kinachoandika na kusoma kwa nguvu ya sumaku. Ya kwanza ya namna hii ilitolewa Marekani na IBM mwaka 1956, nayo ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa inchi 24, kubwa kuliko sinia ya karamu. Pamoja na ukubwa huo wote iliweza kuweka herufi milioni 5 tu. Siku hizi kisanduku kiingiacho mfukoni huweka mara laki kadhaa ya hizo.

Nafasi ya diski imegawanywa katika vyumba vidogo viitwavyo sekta. Katika diski za kale kila sekta huchukua baiti 512, na baiti moja ni kama herufi moja. Kila sekta ina namba yake, kuanzia sifuri, kama nyumba zilizopangwa njiani. Kompyuta itakapo habari, huiambia diski, “Nipe sekta ya namba fulani,” na kichwa huenda mahali pale. Jambo hili la namba mlishike sana, maana ndilo litakalotufungulia fumbo.

Sasa tuje kwenye vipimo. Mtengenezaji wa diski asemapo gigabaiti moja, maana yake ni baiti 1,000,000,000 kamili, elfu mara elfu mara elfu. Kompyuta nyingi, hasa zile zitumiazo Windows, zisemapo gigabaiti moja, maana yake ni baiti 1,073,741,824. Hesabu hii ya ajabu yatoka wapi? Kompyuta huhesabu kwa mbili. Chukua 2, uizidishe kwa 2, tena na tena, mpaka zimekuwapo mbili kumi. Utapata 1,024, iliyo karibu sana na elfu. Watu wa kwanza wakaona ni vyema kuiita kilo, kwa kuwa tofauti ilikuwa ndogo. Lakini tofauti ndogo ikizidishwa hukua. Katika kilobaiti hupungua sehemu 2 na kidogo katika mia. Katika megabaiti karibu 5. Katika gigabaiti karibu 7. Na katika terabaiti 9. Ni sawa na mahindi yaliyopimwa shambani kwa pishi ndogo, yakapimwa tena dukani kwa pishi kubwa: hesabu ya pishi imeshuka, ingawa hakuna punje iliyoanguka njiani.

Wako wasemao ya kwamba watengenezaji ni wezi. Mimi sikubali. Kilo kwa asili ni elfu, katika kilomita na katika kilogramu, na mtengenezaji ameishika maana hiyo. Kosa ni la kutumia jina moja kwa vitu viwili. Mwaka 1998 chama cha mataifa kiangaliacho vipimo vya umeme, IEC, kilitoa majina mapya, kibi na mebi na gibi, ili ile hesabu ya 1,024 iwe na jina lake yenyewe. Majina ni mazuri, lakini watu wengi hawayatumii. Kompyuta za Apple ziliacha hesabu ya 1,024 katika kuonyesha ukubwa wa diski tangu mwaka 2009, zikafuata elfu. Windows imeendelea na desturi yake na jina lile lile la zamani.

Basi nilimwambia mwenzangu, “Tufanye hesabu kwanza, kisha ndipo tulie.” Juu ya kibandiko cha diski iliandikwa idadi ya sekta: 156,301,488. Tukazidisha kwa 512, tukapata baiti 80,026,361,856. Tukagawanya kwa 1,073,741,824, tukapata 74.5. Hiyo ndiyo namba ambayo kompyuta ilipasa kuionyesha. Kama ingalionyesha 74.5, ningalimwambia arudi nyumbani kwa amani. Lakini 31.5 haielezwi na tofauti ya vipimo, maana upungufu wa vipimo hauzidi sehemu 7 katika mia, na hapa zimepotea zaidi ya nusu. Hapa pana jambo jingine.

Watazameni sasa wale watengenezaji wa kompyuta za zamani. Mwalimu mkuu akichora kitabu cha majina chenye nafasi ya tarakimu tatu tu kwa namba ya mwanafunzi, mwanafunzi wa 999 ataandikwa vizuri, lakini wa 1,000 hana pa kuandikwa. Mwalimu mkuu hakuwa mjinga. Hakudhani tu ya kuwa shule yake itakua hivyo. Ndivyo ilivyotokea katika kompyuta, tena si mara moja. Programu iiamshayo kompyuta, iitwayo BIOS, hapo kwanza haikuweza kuhesabu kupita megabaiti 528. Wakaongeza nafasi, ikafika gigabaiti 8.4. Wakaongeza tena, na kompyuta nyingine za miaka ya 1990 zikakwama kwenye gigabaiti 33.8. Baadaye kikawa kizuizi cha gigabaiti 137, maana namba ya sekta ilipewa nafasi ya tarakimu 28 za mtindo wa mbili, nazo hutoa sekta 268,435,456, basi. Hata leo, diski iliyogawanywa kwa jedwali la mtindo wa kale liitwalo MBR haipiti terabaiti 2.2, kwa diski kubwa zaidi hutumika jedwali jipya, GPT.

Kizuizi cha 137 kina hatari yake ya peke yake, nami nitasimama hapo kidogo. Windows XP ilipotoka mwaka 2001 haikujua kupita hapo, mpaka ilipopata nyongeza yake ya kwanza mwaka 2002. Mtu atiaye diski kubwa yenye mali ndani katika kompyuta ya namna hiyo, akaandika, aweza kuona maandiko yakiharibika. Maana namba ikizidi nafasi yake, tarakimu ya mbele hukatika, na mashine yaweza kurudi mwanzo, kama kipima mwendo cha motokaa kinavyorudi sifuri baada ya 99,999. Maandiko mapya huandikwa juu ya yale ya kwanza, na mwenye mali hajui mpaka siku atakapoyataka.

Turudi kwa diski yetu. Kompyuta ile kuukuu ilikuwa ya jamaa ya 33.8. Ilipoiona diski ya 80 ilishindwa kuhesabu, ikaganda. Watengenezaji wa diski walijua ugonjwa huu, wakaweka dawa: kati ya pini zilizo nyuma ya diski waliacha mahali pa kuchomeka kijiti kidogo cha plastiki chenye shaba ndani, mafundi hukiita jampa. Ikichomekwa mahali pale, diski husema uongo: hujitangaza kuwa na sekta 66,055,248 tu. Zidisheni kwa 512, mgawanye kama tulivyofanya, mtapata 31.5. Nilipoipata namba ile karatasini nilifurahi kuliko siku nyingi, maana ilikuwa sawasawa na ile iliyoonyeshwa. Diski haikuliwa. Ilikuwa imefunikwa tu.

Kijana yule fundi hakukosa katika kuichomeka jampa. Kwa diski tupu ni dawa njema. Lakini diski hii haikuwa tupu. Jedwali lililo mwanzoni mwake lilisema ya kwamba sehemu yenye maandiko yaendelea mpaka sekta za mwisho kabisa, na mashine ikaambiwa ya kwamba sekta zile haziko. Kwa hiyo ikadhani ya kuwa diski haina mpango, ikataka kuifomati. Kama wangalijibu ndiyo, jedwali jipya lingaliandikwa juu ya la zamani, na alama za miaka tisa zingalikuwa shida kubwa kuzitoa.

Tulifanya hivi. Tulihakikisha waya wa umeme umetolewa ukutani, maana kuzima tu hakutoshi. Nilishika kwanza chuma cha kompyuta ili umeme mdogo wa mwilini uondoke. Tukasoma mchoro ulio juu ya kibandiko, ambapo kila diski huonyesha mahali pa jampa na maana yake. Msikisie, kwa kuwa watengenezaji hawafanani. Nikaitoa ile jampa kwa kibano, nikaiweka katika bahasha. Kisha hatukuirudisha diski katika ile kompyuta kuukuu. Tuliifunga kwa kiunganishi cha USB chenye umeme wake, tukaitia katika kompyuta mpya zaidi, isiyo na vizuizi vile. Haikuuliza habari ya kufomati. Sehemu ikafunguka, na folda za miaka tisa zikaonekana. Hatukusoma hata moja. Tulianza kunakili zote katika diski nyingine, ikachukua muda mrefu, nasi tukakaa tukiitazama kama watu wanaongoja uji uchemke.

Jampa si sababu ya peke yake. Iko programu iwezayo kuiambia diski ifiche sehemu yake ya mwisho, na watengenezaji wengine wa kompyuta hufanya hivyo ili kuhifadhi humo vitu vyao. Katika Linux programu iitwayo hdparm huonyesha hesabu mbili, sekta zinazotangazwa na sekta zilizopo kwa kweli. Zikitofautiana, umepata jibu. Mara nyingine diski imegawanywa vipande viwili, na mtu anatazama kimoja tu akidhani ndicho chote. Na mara nyingine diski inakufa. Sehemu ya programu yake yenyewe imeandikwa juu ya sahani zake, na isipoweza kuisoma, hujitangaza kuwa na sifuri, au namba ndogo isiyo na maana yoyote. Ukisikia pamoja na hayo sauti ya kugonga, ka, ka, ka, zima upesi, wala usijaribu tena na tena, kwa maana kila kujaribu kwaweza kukwaruza sahani. Diski ya namna hiyo ni ya mtu mwenye vyombo vya kazi hiyo, na gharama yake si ndogo.

Jioni kunakili kulikwisha. Mwenzangu alifungua alama za mwaka wa kwanza, akaona jina la mtoto ambaye siku hizi ni mwalimu katika shule ile ile, akacheka. Kisha akainama karibu na kioo, akasoma namba iliyo chini ya diski yake, akanigeukia uso umekunjamana.

“Mwalimu, hapa pameandikwa 74.5. Zile tano na nusu nyingine ziko wapi?”

Nikampa chaki.

MASWALI

1. Diski imeandikwa gigabaiti 500 juu ya kibandiko. Kompyuta itumiayo hesabu ya 1,024 itaonyesha ngapi?

2. Diski ya gigabaiti 160 yaonyeshwa kuwa 128 katika kompyuta itumiayo hesabu ya 1,024. Je, ni tofauti ya vipimo tu? Onyesha hesabu yako, kisha taja kizuizi kinachohusika.

3. Kwa nini jampa iliyoiponya kompyuta ya kuukuu iliwazuia watu kuyaona maandiko yao?