Siri Zako Zinavujia Kaunta: Vidokezo 10 vya Simu na Kompyuta

Usalama wa simu ukitajwa, wengi humfikiria mdukuzi aliyejifungia chumbani huko ng'ambo. Yupo, na madhara yake ni makubwa. Lakini fuatilia taarifa zako zinapotokea siku hadi siku: kwa fundi, kwa wakala, steshenari, kwenye simu iliyoachwa mezani huku ujumbe wa mshahara ukiingia. Wanaoziona ni watu wa mtaani kwako, wengi wao wema kabisa, na hapo ndipo hatujilindi.

Nina msimamo mmoja katika haya yote: hatua ya usalama inayochosha haidumu. Kwa hiyo nyingi ya hizi ni zile ambazo ukishaziweka hazikusumbui tena.

1. Ukienda kuprinti, usiache faili nyuma

Simama kwenye steshenari yoyote iliyo karibu na chuo au ofisi ya serikali, saa nne asubuhi, usikilize.

"Kaka, nimekutumia WhatsApp, umeiona?"

"Imeingia, dada. Nakala ngapi?"

Karatasi inatoka, dada analipa, anaondoka. Faili limebaki. Tazama kioo cha kompyuta ile: vyeti vya kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA mbele na nyuma, mkataba wa nyumba ya kupanga, barua ya kuacha kazi ambayo bosi bado hajaipata. Kila mteja anayeinama kuangalia kazi yake anaziona na za wenzake. Kijana wa kaunta hana nia mbaya. Hakuna aliyewahi kumwomba afute, na foleni inamsubiri.

Basi mwombe wewe. "Kaka, ikishatoka naomba uifute na hapo kwenye kompyuta" ni sentensi ya adabu, na sijaona anayekasirika kuisikia. Faili huwa sehemu tatu: kwenye mazungumzo ya WhatsApp, kwenye folda ya vitu vilivyopakuliwa, na baada ya kufutwa, kwenye pipa la taka la kompyuta. Zote tatu zisafishwe. Usidhani kubonyeza "futa kwa wote" kwenye simu yako kunatosha, maana nakala iliyokwisha kupakuliwa haiguswi.

Ukilazimika kufungua WhatsApp au barua pepe yako mwenyewe kwenye kompyuta ya duka, au ya saiba kama wasemavyo ndugu zetu wa Kenya, ondoka kwenye akaunti kabla hujanyanyuka kitini. Kisha toa simu, ingia WhatsApp, fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta kompyuta usiyoitambua, iondoe palepale. Nawasihi mfanye hivyo hata kama hamjawahi kwenda saiba, kwa sababu mtu wa nyumbani anaweza kuunganisha kompyuta yake kwa sekunde chache tu akiishika simu yako ikiwa wazi.

Na nakala za kitambulisho: andika juu yake, kwa kalamu, kwa mshazari, shughuli inayohusika na tarehe. "Kwa maombi ya kazi tu", halafu tarehe. Ukimtumia mtu picha ya kitambulisho, andika vivyo hivyo kwa zana ya kuchorea picha iliyomo kwenye simu. Nakala yenye maandishi hayo haimfai sana anayetaka kuitumia kukopea kwa jina lako.

2. Simu iliyofungwa inyamaze

Fungua mipangilio ya arifa na uchague maudhui yasionekane kwenye skrini iliyofungwa. Simu itaendelea kukwambia kuna ujumbe, ila haitausoma hadharani. Salio la benki, namba za uthibitisho, maneno ya mpenzi, majibu ya maabara, vyote hupita hapo. Ni kazi ya dakika moja, na kama ningeruhusiwa kidokezo kimoja tu ningekitoa hiki.

3. Funga laini yenyewe, si simu peke yake

Mwizi mwenye akili hahangaiki na alama yako ya kidole. Anachomoa laini, anaichomeka kwenye simu nyingine, anaomba nywila mpya za akaunti zako, na namba za uthibitisho zinamjia yeye. Dawa yake ni PIN ya laini, iliyopo kwenye mipangilio ya usalama ya karibu kila simu, hata ya batani. Ukiiwasha, laini haitafanya kazi kwenye simu yoyote mpaka PIN iingizwe.

Lakini ifanye kwa utulivu. Utaombwa kwanza PIN ya mwanzo iliyowekwa na mtandao wako, kwa hiyo waulize huduma kwa wateja kabla ya kubahatisha. Ukikosea mara tatu laini itadai PUK, ambayo huwa imeandikwa kwenye kadi ya plastiki uliyobandua laini siku ya kwanza. Ukikosea PUK mara kumi, laini imekufa, utaenda kuirudisha upya.

Ukiwa bado na simu mkononi, piga *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Usajili wa alama za vidole ulioanza Tanzania mwaka 2019 ulisaidia sana, ila wapo walioambiwa "weka kidole tena, haijasoma" na kumbe laini ya pili inasajiliwa. Ukikuta namba usiyoijua, nenda dukani kwa mtandao husika waifute. Na ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" usiishie kuufuta tu. Tanzania unaripotiwa kwa kutuma kwenda 15040.

4. Fundi anahitaji simu, hahitaji maisha yako

Kubadilisha kioo au betri hakuhitaji nywila. Fundi akisema anataka kujaribu kama kioo kinaitika, ifungue wewe, ajaribu mbele yako, uifunge. Simu ikilazimika kulala kwake, toa laini na kadi ya kumbukumbu. Samsung nyingi za miaka ya karibuni zina hali ya matengenezo: ukiiwasha, fundi anakutana na simu tupu isiyo na picha wala ujumbe, na ukiirudisha mkononi unaizima kwa kidole chako, kila kitu kinarudi mahali pake. Ni wazo zuri mno, na naona kila kampuni ingepaswa kuliweka kwenye simu za bei ya chini pia, kwa sababu hizo ndizo zinazoenda kwa fundi mara nyingi.

Ukiuza simu, ondoa kwanza akaunti yako ya Google au ya Apple, halafu ndipo uirudishe kama ilivyotoka kiwandani. Ukigeuza mpangilio huo, mnunuzi anaweza kurudi na simu iliyojifunga inayodai nywila yako.

5. Orodha ya majina si mali yako peke yako

Programu ya tochi haina sababu ya kusoma namba za watu wako. Wala ya kalenda ya mimba haina sababu ya kujua ulipo. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya ruhusa, uzipitie moja moja: nani ana maikrofoni, nani ana mahali ulipo, nani ana anwani, yaani orodha ya majina na namba. Panapohitajika kweli, chagua ruhusa ya wakati wa kutumia programu tu. Tangu Android 12, iliyotoka mwaka 2021, kuna alama ya kijani inayojitokeza juu ya kioo pale maikrofoni au kamera inapotumika. iPhone nazo zina vidoti vya namna hiyo. Ukiiona na hupigi simu wala picha, uliza inafanya nini.

Mikopo ya mtandaoni ndiyo iliyotufundisha hili kwa uchungu. Mtu anakopa shilingi elfu thelathini usiku, mtoto anaumwa. Siku ya marejesho ikipita, ujumbe wa matusi unaenda kwa mchungaji wake, kwa bosi wake, kwa mama mkwe, watu ambao hawakukopa wala kudhamini. Kosa lilianzia pale alipobonyeza "ruhusu" ili programu isome majina yote. Mwaka 2023 Google ilipiga marufuku programu za mikopo zilizomo kwenye duka lake la Play kusoma anwani na picha za mtumiaji, na mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Ndiyo maana nyingine sasa zinakuja kwa kiungo, zikikutaka uzipakue nje ya duka rasmi. Kiungo cha namna hiyo usikifungue, hata kikitoka kwa rafiki.

6. Weka simu kwa lugha unayoifikiria

Watu wengi hubonyeza "ruhusu" kwa sababu kisanduku kimewatokea kwa Kiingereza chenye maneno ya kisheria, na wanataka kiondoke. Android inazungumza Kiswahili. Si jambo geni hata kidogo: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu kamili za ofisi kwa Kiswahili. Wiki ya kwanza utatafuta vitu, kisha utazoea, na utaanza kusoma unachokubali.

Wakati uko hapo, ongeza ukubwa wa maandishi. Inaniuma kuona mzee anamkabidhi wakala simu yake amsomee ujumbe wa pesa, pamoja na namba ya siri, kwa sababu tu herufi ni ndogo. Kijana, ukienda kuwasalimia nyumbani, baada ya shikamoo kaa na baba dakika tano umkuzie herufi na kuongeza mwanga wa kioo. Umemlindia akiba yake.

7. Nywila iwe ndefu, na isibadilishwe ovyo

Ofisi nyingi bado zinalazimisha wafanyakazi kubadili nywila kila baada ya miezi mitatu, iwe na herufi kubwa, tarakimu na alama. Matokeo yake unayaona ukigeuza kibodi: kikaratasi kimebandikwa chini. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, iliacha ushauri huo mwaka 2017. Ikasema urefu ndio wenye nguvu, na nywila ibadilishwe pale inapodhaniwa imevuja. Unganisha maneno manne yasiyohusiana, ya Kiswahili, ya Kisukuma, ya Kijaluo, vyovyote. Methali usitumie, wala jina la mtoto na mwaka wake. Barua pepe iwe na nywila yake ya pekee, kwa sababu anayeipata hiyo anaweza kuomba nyingine zote.

8. Nakala rudufu ya WhatsApp nayo ifungwe

Ujumbe wa WhatsApp umesimbwa kutoka simu hadi simu tangu 2016, ila nakala rudufu inayohifadhiwa mtandaoni haikuwa na ulinzi huo. Tangu 2021 unaweza kuiwekea nywila kwenye mipangilio ya mazungumzo. Iandike mahali salama nyumbani. Ukiisahau, WhatsApp hawawezi kukurudishia.

9. Kabla ya kununua laptop ya mtumba, uliza kizazi cha prosesa

Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Madukani zimejaa laptop nzuri zilizotoka maofisini Ulaya na kupitia Dubai, bei ya kuvutia, kibodi imara, lakini zile zenye Intel ya kizazi cha saba kushuka chini, karibu zote, hazikubaliwi na Windows 11. Muuzaji anaweza kuilazimisha iingie, na atakwambia iko sawa. Muulize kizazi cha prosesa, halafu hakikisha mwenyewe kwenye kioo cha taarifa za mfumo.

Kama ulishainunua, usiitupe. Linux Mint ni bure, inafanana kwa mpangilio na Windows mliyoizoea, na inaifanya mashine ya miaka kumi iandike, iprinti na kufungua intaneti bila kugugumia. Kwa mwanafunzi au karani hiyo inatosha. Kwangu mimi kompyuta nyepesi inayopata masasisho inashinda mpya ya bei rahisi iliyojazwa programu za matangazo tangu dukani.

10. Sheria ipo, itumie

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, pamoja na Tume yake. Mnamo Septemba 2023, Kamishna wa Data wa Kenya aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kusambaza picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja aliyekuwa anastarehe. Kwa hiyo mwalimu wa darasa akituma picha za wanao kwenye ukurasa wa shule, una haki ya kumwambia, "Mwalimu, naomba ya mwanangu iondolewe," na una pa kwenda akikataa.

Vivyo hivyo daftari la wageni getini. Jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, saa, sahihi, na juu ya mstari wako wageni ishirini waliotangulia, wazi kwa yeyote mwenye kalamu. Binti anaandika namba yake, na jioni mgeni aliyekuja nyuma yake anampigia. Jengo linaweza kutumia karatasi moja kwa kila mgeni, au mlinzi akaandika mwenyewe daftari likiwa upande wake. Ombi hilo lipelekwe kwa maandishi kwa msimamizi wa jengo, maana mlinzi anafuata alichoagizwa.