KIRENO KIKO KARIBU NASI



Juma lililopita mwenzetu mumoja wa darasa la sita aliuliza: «Kireno kitatusaidia nini, sisi watu wa Masisi na Walikale? Kihunde tuko nacho, Kinyanga tuko nacho, na Kifaransa chatosha kutusumbua.» Tulicheka wote. Baadaye tuliona tulicheka bila kufikiri.

Angalieni kwanza hapa masomoni. Meza ni mesa, bendera ni bandeira: maneno ya Wareno, waliofika pwani ya mashariki mwaka 1498. Hata jina kapita, munalotuitia sisi tunaoandika haya, latoka kwa capitão. Na gereza (huku kwetu tunasema boloko) latoka kwa igreja, ndiyo kusema kanisa! Mushangao kweli. Wareno walianza kujenga ngome ya Fort Jesus kule Mombasa mwaka 1593, na ndani yake mulikuwa kanisa. Nyuma ya miaka mingi Waingereza waliifanya nyumba ya wafungwa.

Magharibi ya inchi yetu Wareno walifika kwenye mulango wa muto Kongo mwaka 1482. Mfalme Afonso wa Kongo alijifunza lugha yao. Mwaka 1526 alimupelekea mfalme wa Ureno barua kwa Kireno, akilalamika kwamba wachuuzi wanakamata raia wake, hata watoto wa wakubwa, na kuwauza utumwani. Biashara ile haikusimama, lakini barua zingaliko, na sauti yake inasikika mpaka leo.

Sasa wanaosema Kireno wanapita milioni 250, wengi wao wako Brazil. Katika Afrika kuna Msumbiji, Guinea-Bissau, visiwa vya Cape Verde na São Tomé, na jirani yetu Angola. Tarehe 30/7/2024 wajumbe wa Kongo na wa Rwanda walipatana kule Luanda kusimamisha vita. Wengine wetu tulisikia habari ile kwa redio, chini ya hema, tukaulizana: «Luanda ni wapi?» Mapatano hayakudumu, na mwezi wa tatu 2025 Angola iliacha kazi ya upatanishi. Lakini jambo la vijiji vyetu lilikuwa limezungumzwa katika muji wa Kireno.

Mwenye Kifaransa hataanza mikono mitupu: livre ni livro, école ni escola. Asubuhi sema bom dia. Kwa kushukuru, muvulana anasema obrigado, musichana obrigada.